Muulize Fundi: Moto Unaonekana, Boila Inakataa

Swali. Jambo sana Papa Fundi. Ninaendesha boila kwenye chumba cha kufulia cha hospitali moja hapa Himbi, Goma. Ni boila ya mvuke, inatumia gesi ya mitungi. Umeme wa mjini ukiwepo haina shida. Tukihamia jenereta, feni inavuma, cheche zinalia, moto mdogo wa kuwashia unashika, nauona mwenyewe kwenye kioo. Baada ya kama sekunde 3 unazimika, taa nyekundu inawaka. Tumeshabadilisha kisanduku cha kuongozea mara mbili. Fundi wa mwisho amesema gesi ni mbaya. Mashuka ya wodi ya uzazi yamejaa hadi mlangoni. Nifanyeje?

Jibu. Jambo mdogo wangu, na pole kwa kazi. Msinunue kisanduku cha tatu. Gesi nayo muiache: gesi haijui kama umeme umetoka mjini au kwenye jenereta. Wewe mwenyewe umeandika kwamba kinachobadilika ni umeme tu, basi tuanzie hapo.

Ndani ya ule moto kuna kijiti cha chuma chenye shingo ya kauri nyeupe. Kisanduku kinakipelekea umeme, na moto unaupitisha kuelekea mwili wa kichomeo. Moto una tabia ya kupitisha umeme upande mmoja zaidi ya mwingine, na kisanduku kinatafuta alama hiyo. Ndiyo maana kijiti kikigusa chuma, kisanduku hakidanganyiki: umeme utapita pande zote mbili sawasawa. Mkondo wenyewe ni mdogo mno, unapimwa kwa mikroampea, yaani sehemu moja ya milioni ya ampea. Ukishafika kwenye mwili wa kichomeo, unarudi kwa waya wa ardhi hadi kwenye nyutro, ule waya unaorudisha umeme kwenye chanzo chake. Jenereta nyingi zinazoletwa mjini kwetu nyutro yake haijafungwa na ardhi popote. Njia ya kurudi imekatika. Moto upo, wewe unauona, lakini kisanduku hakipati habari zake, kinafunga gesi. Kinafanya kazi yake.

Niliwahi kuhangaika siku mbili na tatizo hili hili kwenye kiwanda cha mikate. Nilisugua kijiti kwa msasa laini, nikarekebisha nafasi ya cheche ikabaki milimita 3, nikapima presha ya gesi. Jioni ya pili nikaweka mita kati ya nyutro na ardhi, jenereta ikiwa inanguruma: volti 107. Kwa umeme wa mjini mita ile ile ilikuwa imesoma volti 1 na kitu. Pima hivyo kwako, kwa umeme wa mjini kwanza, kisha kwa jenereta. Ukikuta karibu nusu ya volti 220, umempata mchawi.

Dawa ni fundi umeme kuunga nyutro na ardhi pale pale kwenye jenereta, mahali pamoja tu, na swichi ya kubadilishia, ile ya kuhama kati ya umeme wa mjini na jenereta, ikate nyutro pamoja na fezi, ule waya unaoleta umeme. Wakati huo huo aangalie kama fezi na nyutro hazijapishana. Vichomeo vingi vinagoma kwa hilo pia. Nakusihi, asiunge nyutro kwenye mwili wa boila. Siku nyaya zikipishana, mwili wote utakuwa na umeme, na sakafu ya kufulia haikauki. Tena asiridhike na chuma kilichopigiliwa kwenye mawe. Hapa Goma tumejenga juu ya lava, na lava kavu haipitishi umeme vizuri. Avute waya mnene wa ardhi kutoka jenereta hadi boila.

Sasa jambo linaloninyima usingizi. Hukuniambia mnabonyeza mara ngapi kile kitufe cha kuwashia upya taa nyekundu ikiwaka. Wakati huu moto wenu unawaka, ila siku cheche zitakapokosa, kila jaribio litamwaga gesi isiyoungua tumboni mwa boila. Jaribu mara mbili, basi. Ikikataa, funga vali ya mkono, acha feni ipulize, ndipo utafute kosa. Na ukisikia harufu chumbani, usiguse swichi yoyote: funga gesi, fungua milango, toa watu. Sisi watu wa Goma tunaijua mazuku, ile hewa nzito inayolala mabondeni na kuua mbuzi na watoto. Gesi ya mitungi nayo ni nzito kuliko hewa, inatambaa hadi kwenye mfereji wa maji machafu na kukaa humo. Tofauti yake ni kwamba yenyewe inalipuka.

Swali. Papa, kichomeo chetu kilitumika Dar es Salaam. Hapa Kadutu, Bukavu, moto wake ni wa njano na masizi yamejaa. Gesi ni ya aina ile ile.

Jibu. Mama, Dar iko baharini, Bukavu iko karibu mita 1,500 juu. Hewa ya huku ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya sita. Feni inavuta ujazo ule ule, ila oksijeni iliyomo imepungua, gesi inazidi. Mwite mtu mwenye kipimo cha moshi aongeze hewa na kupunguza gesi. Nguvu ya boila itashuka kidogo, mkubali. Mpaka aje, izimeni. Moto wa namna hiyo unatoa monoksidi ya kaboni, na hiyo haina harufu.