Usinunue kamera kwanza: picha za vitenge kwa simu, nilivyojifunza kwa hasara

Mkuu, umeuliza kama ununue kamera kwa sababu picha za vitenge vyako zinatoka za njano na wateja wa mikoani wanalalamikia rangi. Mimi nauza vitenge na batiki Kariakoo, mwaka wa 7 sasa. Wateja wangu wengi duka hawalijui. Wanaona picha, wanalipa, mzigo unapanda basi. Hiyo hela ya kamera iache kwanza.

Kinachokusumbua ni mwanga mchanganyiko. Taa ya dukani ina rangi yake, mwanga wa mlangoni una rangi yake, simu inajaribu kusawazisha inashindwa. Zima taa zote, sogeza meza mlangoni, jua lisipige kitambaa moja kwa moja. Mimi hupiga kati ya saa 3 na saa 5 asubuhi. Flashi sahau kabisa, inaacha doa jeupe linalong'aa juu ya nakshi. Na uangalie ukuta! Nilikuwa napigia chumba chenye ukuta wa kijani, kila kitambaa cheupe kikawa kama kimechovywa kwenye maji ya mchicha. Wiki 2 nzima nahangaika kuhariri, kumbe ni ukuta. Nikanunua manila nyeupe 2: moja naitandika chini, nyingine naisimamisha upande usio na mwanga ili iurudishe.

Futa kioo cha kamera kabla ya kupiga. Usivute picha kwa zoom, sogea wewe. Kila kitenge nakipiga mara 3: kikiwa kimetandazwa, kikiwa kimekunjwa kionyeshe kinavyoanguka, halafu karibu kabisa kwenye pindo lenye maandishi. Mteja anayejua vitenge husoma pindo kwanza.

Kuhariri ndiko kulikonila hela. Mama mmoja wa Mwanza aliagiza sare za harusi, vitenge 12 vya zambarau. Simu ilikuwa imeivuta ile zambarau kuelekea bluu, nami nikaongeza ukali wa rangi kwa sababu ilipendeza. Mzigo ulipofunguliwa akanipigia: "Dada, hii siyo rangi tuliyokubaliana." Alikuwa na haki. Nilirudisha hela yote na nauli ya mzigo juu yangu, lakini harusi ilikuwa imebaki siku 4, na hilo halirudishiki.

Tangu hapo nahariri kitambaa kikiwa mezani pembeni yangu, na ile hali ya kulinda macho kwenye simu nimeizima maana inatia njano kwenye kioo. Natumia Snapseed, programu ya simu ya kuhariri picha, ni ya bure. Nasawazisha weupe kwa kugusa ile manila, naongeza mwanga kidogo, nakata kingo. Filta sigusi. Zambarau ikikataa kutoka vizuri, naandika rangi kwa maneno chini ya picha na kumtumia mteja video fupi ya mlangoni.

Kuhusu kutunza: kila kitenge kipe namba, na namba hiyo iwe kwenye pembe ya picha na kwenye jina la faili, mfano K042-1. Mteja atakurudia baada ya miezi 3 na picha aliyotumiwa na shoga yake, bila namba utafukua marobota yote. Mimi nina folda ya vilivyopo na ya vilivyoisha. Picha halisi usiitegemee WhatsApp ikutunzie, inaipunguza ubora. Ya kuchapishia bango itume kama faili. Niliibiwa simu kwenye daladala, nikabaki na vile vijipicha vya WhatsApp tu. Sasa hivi picha halisi zinapanda kwenye akaunti ya Google, ambako bure ni GB 15 pamoja na barua pepe, na kila mwisho wa mwezi nazinakili kwenye diski ya nje.

Kesho asubuhi piga kitenge kimoja mlangoni, taa zikiwa zimezimwa, uiweke hapa pamoja na ile ya njano tuzilinganishe.