Bosi anasema tumechelewa: maswali yenu kuhusu kikao cha Texas

Tangu nilipogusia kwamba riziki yangu inatoka kwenye kampuni ya ushawishi mjini Austin, yaani tunalipwa na wateja kuwashawishi wabunge wapitishe au wazuie miswada, maswali hayajakoma. Leo nayajibu machache, maana kikao cha 90 cha Bunge la jimbo la Texas kinafunguliwa Januari 12, 2027.

Kaka, nimeajiriwa juzi kwenye kampuni kama yenu. Kikao ni Januari, lakini bosi anatukimbiza tangu Agosti akidai tumechelewa. Anatutisha tu?

Hawatishi, mdogo wangu. Bunge la Texas hukutana kila mwaka witiri, kuanzia Jumanne ya pili ya Januari, siku 140 basi. Wabunge 150 wa Baraza la Wawakilishi na maseneta 31 wa Seneti wamalize kila kitu humo, bajeti ya miaka miwili ikiwemo. Mwaka 2023 iliwasilishwa miswada zaidi ya 8,000, ikapita kama 1,200. Mingi ya iliyobaki haikuangushwa kwa kura, ilikosa muda.

Na mlango wa kuwasilisha hufunguliwa Jumatatu ya kwanza baada ya uchaguzi wa Novemba. Safari hii ni Novemba 9, 2026. Kwa hiyo mbunge wa kuubeba mswada wako anatafutwa sasa, akiwa bado kwao. Mshahara wake wa ubunge ni dola 600 kwa mwezi, hivyo karibu wote wana shughuli nyingine: uwakili, udaktari, ng'ombe. Mfuate hukohuko, mnywe kahawa. Ukingoja Februari utakutana na foleni mlangoni kwake.

Wewe mgeni, anzia makaburini. Chukua miswada ya wateja wenu iliyokufa kikao kilichopita, uandike kila mmoja ulifia wapi: kwenye kamati, kwenye ratiba, au Seneti. Ukijua ulipofia, umejua wa kuonana naye. Halafu utafutie pacha, yaani mswada huohuo neno kwa neno uwasilishwe pia Seneti. Mmoja ukikwama, mwenzake anaendelea.

Mteja anasema atatulipa mswada ukipita. Usipopita, hatoi kitu.

Kataa. Sheria ya Texas inakataza malipo ya ushawishi yanayotegemea matokeo, na ni kosa la jinai. Alipe kwa mwezi kama wenzake. Hakikisha pia umejisajili Tume ya Maadili ya Texas. Ada ya kawaida ni dola 750, na usajili hufa kila Desemba 31, kwa hiyo wa mwaka jana haukuvushi.

Sisi ni wasusi wa Houston, wengi tumetoka Kongo na Tanzania. Kuna kanuni inatubana. Tuajiri kampuni au twende wenyewe?

Dada zangu, bosi wangu asisome hapa: nendeni wenyewe kwanza. Isis Brantley, msusi wa Dallas, alikamatwa mwaka 1997 kwa kusuka bila leseni ya urembo. Baadaye akataka kufundisha wengine, akaambiwa chuo chake kiwe na viti vya kinyozi na masinki ya kuoshea, wakati msusi haoshi nywele! Alishtaki, na Januari 2015 jaji wa mahakama ya shirikisho akampa haki. Kikao kilikuwa ndiyo kinaanza. Mwaka uleule mswada HB 2717 ukapita, na kusuka kukaondolewa kabisa kwenye mambo ya leseni.

Masinki yale yalieleweka kwa kila mtu. Nanyi tafuteni sinki lenu. Mkija kutoa maoni kwenye kamati mtapewa dakika mbili au tatu, na usajili wa mashahidi kwenye kamati za Baraza la Wawakilishi hufanyika mkiwa ndani ya jengo, kwa hiyo mtoke Houston alfajiri. Mkishagonga mwamba kwenye ratiba na kanuni, hapo kampuni ina kazi.

Ile karatasi ya ukurasa mmoja mnayowaachia wabunge, huandikwa nini?

Kikao kimoja nilikuwa kwenye ofisi za chini ya ardhi, zile zilizoongezwa 1993 nyuma ya jengo la graniti nyekundu la 1888. Msaidizi wa mbunge akatoka, kijana mdogo, mkono mmoja kikombe. Akaisoma karatasi yangu amesimama. Kidole kikashuka, kikagota kwenye namba ya mswada. "Huu mbona ni wa maji taka?" Nilikuwa nimegeuza tarakimu mbili. Aya zangu nne nilizozisuka usiku kucha hakuzigusa.

Tangu siku hiyo namba inakaa juu kabisa na inasomwa na mtu wa pili. Chini yake unachoomba, sentensi moja. Inawagusa watu gani kwenye eneo lake la uchaguzi. Itagharimu nini serikali. Na nani anapinga, kwa hoja gani. Hiyo ya mwisho wengi huificha. Msaidizi akiisikia kwa mpinzani kwanza, wewe umekwisha kwake.

Tumpelekee mbunge mchango wa kampeni siku ya ufunguzi, kama zawadi?

Msithubutu. Kuanzia siku ya 30 kabla ya kikao mpaka siku ya 20 baada ya kufungwa, haruhusiwi kupokea. Safari hii ni tangu Desemba 13. Ndiyo maana Desemba mwanzoni Austin ni karamu za harambee kila jioni, na viatu vinatuumiza.

Mteja wetu hataki mswada, anataka mmoja usipite. Maandalizi ni yaleyale?

Ni mepesi zaidi, saa iko upande wenu. Kwa kanuni za vikao vya karibuni, Seneti huhitaji maseneta 18 kuufungulia mswada mjadala, kwa hiyo 14 wanatosha kuuzuia. Kwenye Baraza la Wawakilishi kuna Kamati ya Ratiba, inayopanga mswada upi ujadiliwe lini, na kuna usiku wa siku ya 122: mswada ulioanzia humo usiopita kusomwa mara ya pili kabla ya saa sita umekufa. Jioni hiyo utasikia wabunge wakiuliza maswali marefu ajabu kuhusu mswada usio na ubaya wowote, kusudi ulio nyuma yake usifikiwe.

Ila msiende kulala. Maneno ya marehemu hupachikwa kama marekebisho kwenye mswada ulio hai, mara nyingi wiki za mwisho. Kuweni na orodha ya kila mswada hai unaogusa sheria ileile, mpaka Mei 31. Baada ya hapo Gavana ana siku 20 za kusaini au kukataa. Likizo ombeni kuanzia Juni 21.