Kabla ya kuamini ripoti ya chanjo, ihesabu upya

Ripoti ya mwezi ikifika ofisi ya kaunti ndogo, kinachotazamwa zaidi ni kama imewahi na kama imejazwa yote. Lakini ripoti yaweza kuwahi, ikajaa, na bado isiwe kweli. Anayesimamia zahanati za Lamu asianze kubishana na muuguzi juu ya asilimia kabla hajaifuata tarakimu hiyo mpaka kwenye rejista, kwenye friji, na kwa mtoto mwenyewe.

Anza na penta 1 na penta 3 tu, yaani dozi ya kwanza na ya tatu ya chanjo ya penta inayokinga magonjwa matano. Ukibeba viashiria ishirini, siku itaisha hujakamilisha hata kimoja. Chagua miezi 3, na mmoja uwe wa kusi kali, upepo wa kusini unaofanya boti zipungue. Hesabu dozi moja moja kwenye rejista ya kudumu na kwenye karatasi za kuhesabia, kisha linganisha na nakala ya MOH 710, fomu ya ripoti ya chanjo ya mwezi, iliyobaki kituoni, halafu na kilichoingizwa kwenye KHIS, mfumo wa kompyuta wa taarifa za afya wa Kenya. Ulichohesabu kigawanye kwa kilichoripotiwa, uzidishe kwa 100. Kati ya 90 na 110 hukubalika. Ukihesabu 38 na ripoti inasema 47, jibu ni 81: kituo kimeripoti zaidi kuliko kilivyochanja.

Hapo usikimbilie kumwita mtu mwongo. Mara nyingi karatasi ya autirichi, yaani ya chanjo zinazotolewa vijijini nje ya kituo, imebaki ndani ya mkoba wa chanjo, na tarehe 5, siku ya mwisho ya kuleta ripoti, ilipokaribia jumla ikaandikwa kwa kukisia. Fungua mkoba kabla ya kufungua mdomo. Angalia pia nafasi zilizoachwa tupu: kama hakuna aliyechanjwa iandikwe 0, maana nafasi tupu haimwambii msomaji kama kazi haikuwapo au haikuandikwa.

Daftari la chanjo, linaloandikwa vichupa vilivyoingia na vilivyotumika, ndilo shahidi mzuri kuliko wote. Jumlisha penta 1, 2 na 3 za mwezi, halafu tazama vichupa vilivyotumika. Vichupa 5 vya dozi 10 haviwezi kutoa dozi 60. Kwa surua hesabu haitalingana hivyo, na si kosa, kwani kichupa kikishachanganywa hutupwa baada ya saa 6 hata kama wamechanjwa watoto wawili tu.

Tarakimu zikishaaminika, ndipo utafute walioacha njiani: penta 1 toa penta 3, gawanya kwa penta 1, zidisha kwa 100. Watoto 40 wakianza na 33 wakamaliza, ni asilimia 17.5, na ikishapita 10 kuna tatizo. Ila usikisome kituo kimoja peke yake. Mtoto aliyeanza Faza akamalizia Mokowe huonekana Faza ameacha, na Mokowe huongeza penta 3 isiyokuwa na penta 1 yake. Chukua majina 10 ya ambao hawajamaliza, uwape wahamasishaji wa afya ya jamii wakatazame kijitabu cha mama na mtoto nyumbani. Utajua nani amehama, nani amechanjiwa kwingine, na nani hajachanjwa kabisa. Hao wa mwisho ndio kazi yako.

Kwa visiwa vya Pate na Ndau, kagua ratiba ya autirichi pamoja na majedwali ya maji. Saa ya maji kujaa na kupwa huchelewa kama dakika 50 kila siku. Ukiweka "kila Jumatano saa tatu asubuhi", wiki hii utakuta maji yamejaa, wiki ijayo yametoka, boti imekwama mbali na pwani na barafu inayeyuka kwenye mkoba. Akina mama wakingoja bure mara mbili, ya tatu hawaji, na asilimia ya walioacha inapanda bila uzembe wa mtu yeyote. Panga tarehe kwa maji, zitangazwe msikitini na kwa wahamasishaji mwezi mmoja mbele, na zibandikwe ukutani kando ya mchoro wa mistari unaoonyesha penta 1 na penta 3 za kila mwezi. Kabla hujaondoka, muuguzi na achore mwenyewe mistari ya mwezi huo, nawe ukiwa umekaa hapo.