Mapambo ya Krismasi aliyoyatengeneza mama: msiyatupe

Mtoa mada, pole sana kwa kufiwa na mama. Umeuliza kama ni sawa wadogo zako kulitupa boksi la mapambo ya Krismasi aliyoyatengeneza kwa mkono wake, mnunue ya dukani, kwa kuwa hayo "ni makaratasi yaliyochakaa". Nakujibu kutoka Masasi, kwenye nyumba yenye boksi kama hilo. Msiyatupe.

Kwetu mti wa Krismasi ni tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga. Juu inakaa nyota aliyoisuka mama yangu kwa ukili uliobaki kwenye mkeka. Rangi yake imepauka kabisa. Chini yake yuko ndege wa mpingo aliyechongwa na babu, aliyejifunza useremala misheni Ndanda. Mbawa zake zina mstari mweupe, maana babu aliacha makusudi sehemu ya nje ya mti, ile isiyo nyeusi.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni mnyororo wa karatasi. Mama aliukata kwenye madaftari yetu ya shule ya msingi, akaubandika kwa uji wa unga wa muhogo. Ukisogea karibu unasoma hesabu za kugawanya za kaka yangu, tisa zake zimepinda, na kalamu nyekundu ya mwalimu imepita juu. Kaka alifariki kijana. Picha yake ya umri ule hatuna. Mwandiko wake tunao, na kila Desemba tunaushika mkononi. Sasa niambie, duka gani litaniuzia hicho?

Sina neno baya juu ya mapambo ya dukani. Msimu wa korosho ukiwa mzuri watu wananunua, nyumba zinapendeza, watoto wanafurahi. Yawekeni pamoja na ya mama yenu, mti utayabeba yote.

Ila yasifungiwe kabatini kama hati ya shamba. Mama yangu alikuwa akimpa kila mtoto pambo moja alitundike, huku akisema nani alilitengeneza na mwaka huo nyumbani kulikuwa na nini. Wajukuu hawakumwona babu, lakini wanagombania kumtundika ndege wake na wanajua alikuwa fundi. Boksi lililofungwa lisingewafundisha hayo.

Kuhusu kugawana, nyota na vinyago mnaweza kugawana. Kitu kimoja kilichounganishwa, kama mnyororo, msikikate. Kizunguke, mwaka huu kwako, mwakani kwa mdogo wako.

Na utunzaji, hasa kama mko Lindi au Mtwara mjini kwenye unyevu wa pwani: gundi ya unga inaita mende na panya, kwa hiyo karatasi zikae kwenye kopo la bati lenye mfuniko, zikiwa kavu kabisa, pamoja na majani makavu ya mwarobaini. Ukili uanikwe kivulini, jua linakula rangi. Cha mpingo kifungwe karibu na shina, kwa sababu ni kizito na tawi la mvinje litainama. Halafu nendeni kwa shangazi yenu mkubwa mapema, na boksi lenyewe mkononi, awatajie kila kimoja kilitengenezwa na nani. Andikeni kwa penseli. Wino ukipata unyevu unasambaa.