Je, seli "huzalisha nguvu"?

Swali: Katika makala ya biolojia niliandika hivi: "Seli huzalisha nguvu kwa kumeng'enya glukosi na kuihifadhi katika ATP." Mhariri aliirudisha sentensi hiyo bila maelezo. Kasoro iko wapi?

Jibu: Kisarufi sentensi yako imesimama, isipokuwa mahali pamoja nitakapopataja baadaye. Tatizo kubwa ni la kimaana, nalo linatokana na uteuzi wa vitenzi.

Kitenzi "kuzalisha" hudai kwamba kitu ambacho hakikuwapo sasa kimekuwapo, ilhali nishati haiumbwi wala haipotei, bali hubadilika kutoka umbo moja hadi jingine. Hata jani la mmea halizalishi nishati: katika usanisinuru hubadili nishati ya mwanga kuwa nishati ya kikemikali iliyomo ndani ya sukari. Seli ya mnyama huipata nishati hiyo ikiwa tayari imo katika chakula. Andika basi "hupata" au "hubadili", na "huzalisha" ukiachie vitu vinavyoundwa kweli, kama vile ATP (molekuli inayobeba nishati ndani ya seli), protini au hewa ya ukaa. Kuhusu "nguvu", mazungumzo ya kila siku yanairuhusu, lakini makala ya sayansi yadai "nishati".

"Kumeng'enya" ndiko kunakohitaji uangalifu zaidi. Umeng'enyaji hufanyika katika njia ya chakula, ambako wanga hukatwakatwa hadi ukawa glukosi. Glukosi yenyewe haimeng'enywi tena. Hufyonzwa, huchukuliwa na damu, huingia ndani ya seli, na humo huvunjwa hatua kwa hatua: kwanza katika saitoplazimu (ujiuji unaojaza seli), ambako molekuli moja huleta faida ya molekuli 2 tu za ATP, kisha, oksijeni ikiwapo, ndani ya mitokondria (vijisehemu maalumu vilivyomo ndani ya seli), ambako jumla hufikia takriban 30. Naelewa kinachowachanganya waandishi wengi, kwa kuwa vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemikali) vimepewa jina kutokana na kitenzi hicho hicho, navyo hufanya kazi katika kila hatua ya umetaboli, yaani jumla ya mabadiliko ya kikemikali mwilini, iwe ya kuvunja au ya kujenga. Hata hivyo kazi ya kimeng'enya si lazima iwe kumeng'enya. Tumia "kuvunja", na uzingatie mnyambuliko wake: "glukosi huvunjwa na vimeng'enya" ni sahihi kwa sababu mtenda yupo, lakini "glukosi huvunjika na vimeng'enya" si sahihi, kwa maana kauli ya kutendeka haimtaji mtenda.

Sasa nifikie pale pa kisarufi. Katika "kuihifadhi", kiambishi cha yambwa (kitendwa) "-i-" chaweza kurejelea "nguvu" au "glukosi", kwa kuwa nomino zote mbili zimo katika ngeli ya I-ZI. Msomaji akidhani ni glukosi, atatoka na habari isiyo ya kweli kabisa. Ukirudia nomino yenyewe, utata huondoka.

Lakini hata utata ukiondoka, "kuhifadhi katika ATP" bado kunapotosha. Molekuli za ATP hutumika na kuundwa upya mfululizo, na kiasi kilichomo katika msuli unaofanya kazi kwa bidii kingetosha kwa sekunde chache tu kama kisingefidiwa. Akiba ya kweli ni glaikojeni (glukosi iliyounganishwa kwa wingi), iliyomo hasa katika ini na misuli, na mafuta, ambayo gramu yake moja hubeba takriban kilokalori 9, zaidi ya maradufu ya kilokalori 4 za gramu ya wanga. Kwa hizo sema "huhifadhi". Kwa ATP sema "hubeba" au "hupeleka".

Mimi ningeiandika hivi: "Seli hupata nishati kwa kuvunja glukosi, sehemu ya nishati hiyo hubebwa na ATP hadi inapohitajika, na inayobaki hutoka kama joto." Kiambishi "hu-" nimekibakiza kwa makusudi, kwani jambo hili hutendeka wakati wote, na "seli inapata" ingeweza kusomeka kama tukio la sasa hivi.