Rami nne za DDR4 kwenye Ryzen 5 5600: XMP inawaka lakini gemu zinajifunga

Mkuu, umesema una rami mbili za GB 8 za kasi ya 3200, ukaongeza mbili za 3600 za mtumba kutoka Arusha. XMP (seting ya kasi iliyoandaliwa na mtengenezaji wa rami) ya 3600 inawaka na Windows inafunguka, ila gemu zinajifunga na skrini ya bluu inatokea. Kabla hujagusa chochote, nakili mafaili yako muhimu kwenye diski ya nje. Rami hizi hazina ECC (uwezo wa kugundua na kurekebisha makosa), kwa hiyo biti ikigeuka wakati faili linahifadhiwa, linaandikwa likiwa limeharibika na hupati onyo lolote.

AMD, mtengenezaji wa prosesa yako ya Ryzen 5 5600, inatambua 3200 kwa rami mbili. Zikiwa nne ni 2933 kama ni za renki moja (kundi moja la chipu zinazofanya kazi pamoja), na 2666 kama ni za renki mbili. XMP nayo ni ahadi ya mtengenezaji kwa pakiti moja aliyoipima yeye. Pakiti zako mbili hakuna aliyezipima pamoja.

Zima, chomoa waya wa ukutani, futa seting za bayosi (programu ya bodi inayowasha mashine) kwa jampa ya CMOS, pini za kufuta seting kwenye bodi. Toa rami zote, safisha miguu yake kwa spiriti ya isopropili na uache ikauke. Weka jozi moja tu, nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa. Bila XMP, pima kwa MemTest86 (programu ya kupima rami) kutoka kwenye fleshi, mizunguko yote 4 ya toleo la bure. Rudia kwa jozi ya pili. Kosa hata moja hapa karibu kila mara ni rami mbovu: mrudishie muuzaji, hakuna seting itakayoiponya. Umeme wako ukikatika-katika tumia UPS, maana kipimo kilichokatwa katikati hakikuambii kitu.

Zikipita, rudisha zote nne. Weka 2933, volti za rami 1.35, FCLK (kasi ya njia ya data ndani ya prosesa) 1467, volti za SoC (sehemu ya prosesa inayoongoza rami) kati ya 1.05 na 1.10, na Gear Down Mode (seting inayolegeza amri za rami) iwe imewashwa. Taimingi (muda wa kusubiri wa rami; namba kubwa ni legevu) zifuate jozi iliyo legevu: moja ikiandikwa 16-18-18-36 na nyingine 18-22-22-42, ingiza za pili kwa zote. Anayesahaulika ni tRFC, muda wa rami kuhuisha chaji ya seli zake. Chipu za gigabiti 8 zina kiwango cha kawaida cha nanosekunde 350, ambazo kwa 2933 ni takribani mapigo ya saa 514 na kwa 3200 ni 560. Bodi ikijiwekea namba ndogo kuliko hiyo, ipandishe kwa mkono. Mengine yaache Auto.

Sasa ndani ya Windows endesha TestMem5 (programu nyingine ya kupima rami) kwa faili la seting liitwalo anta777 Extreme hadi iishe, na usome makosa yanakuja lini. Yakija dakika za mwanzo, taimingi zimebana au volti ni ndogo: legeza kwanza, kisha jaribu 1.37. Sishauri kupita 1.40 kwa rami usizojua chipu zake. Yakija baada ya muda mrefu, shuku joto, kwa sababu seli zikipata joto chaji yake huvuja haraka. Elekeza feni kwenye rami, upime tena. Rami zikiwa safi lakini Event Viewer (kumbukumbu za matukio za Windows) inaonyesha WHEA-Logger namba 19, yaani kosa la maunzi lililorekebishwa, angalia FCLK na SoC, achana na rami.

Kwa kuwa uko Moshi, pima mchana wa joto la Januari au Februari, kadi ya picha ikiwa inafanya kazi, kwani hewa yake moto hupanda moja kwa moja kwenye rami. Mashine iliyopita Arusha mwezi wa Julai bado haijathibitishwa kwako. Pima na asubuhi pia: izime usiku kucha, uiwashe ikiwa baridi. Bodi hupanga upya mawasiliano yake na rami inapowaka, na seting iliyo ukingoni inaweza kugoma hapo hata kama jana ilipita.

2933 ikitulia, jaribu 3200 kwa FCLK 1600 na urudie vipimo vyote. Rami nne mchanganyiko kwa 3600 mimi nisingezifukuzia. Ukiitaka kweli, uza hizo zote ununue pakiti moja yenye rami mbili za GB 16, kisha uweke FCLK 1800.