Kabla hujabeba hema kwenda Mbudya, tazama mwezi

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kaka, tunataka tukalale kisiwani Mbudya na wenzangu wa kazini, tupo tisa. Tubebe nini?" Nikacheka peke yangu kwenye daladala, kisha kicheko kikaniishia. Swali hilohilo niliuliza mimi miaka mitatu iliyopita, nikajibiwa mkaa, maji ya kunywa, dawa ya mbu. Hakuna aliyeniuliza naenda tarehe ngapi.

Mimi ni mtoto wa Dodoma. Nilikuwa nimekaa Dar miaka saba, Jumapili nipo Coco Beach na mihogo yangu, nikajiona mwenyeji. Nikawachangisha wenzangu, nikanunua mahema Kariakoo, Ijumaa jioni tukapanda boti Kunduchi. Siku ya mwezi mpevu niliichagua makusudi, kwa ajili ya picha.

Tulipofika maji yalikuwa yamejaa hadi karibu na mivinje. Tukala changu wa kuchoma na chipsi. Kuinua macho, saa moja, ufukwe umefunguka kama uwanja wa mpira. Nikachomeka kigingi kwenye mchanga mkavu wa juu, kikalegea. Nikashuka hatua ishirini kwenye mchanga ulioshikana, kikasimama imara. Nikafurahi! Sikujiuliza nani kaushikanisha. Nyuma yetu, juu kuliko mahema, kulikuwa na mstari wa mwani mbichi, bado unang'aa.

Mzee aliyetuchomea samaki akapita, akasimama. "Mwanangu, hapo pana mwenyewe. Leo bamvua."

"Usijali mzee, tumezoea."

Tumezoea nini, Mungu anisamehe.

Saa kumi alfajiri nikahisi godoro linacheza. Nikadhani ndoto, mpaka ndala ikanigonga shavuni. Hakuna aliyeumia, nashukuru, ila simu yangu ilikufa palepale. Na mwenzetu mmoja alirekodi. Hadi leo kwenye grupu la ofisi naitwa Nuhu. Wanasema utani. Mtu niliyemlipia nauli ya boti, akaniita Nuhu mbele ya bosi! Haya, tuyaache.

Sikiliza basi. Pwani yetu maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kama dakika 50. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, mwezi na jua huvuta bahari kwa pamoja. Hilo ndilo bamvua, na hapa Dar tofauti ya kimo cha maji kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku hizo maji hujaa kwenye saa kumi, jioni na alfajiri, yaani wakati ule usingizi umenoga. Kama wiki moja baadaye yanakuja maji mafu, bahari haina makuu.

Kwa hiyo mwezi kwanza, mkaa baadaye. Ukifika, tafuta mstari wa mwani na uuvuke kwenda juu. Na mzee akikwambia neno, msikilize. Vijana tuna ramani ya kila kitu kwenye simu, lakini mtu aliyezeeka na bahari akifungua mdomo tunadhani anatafuta hela ya soda. Kiburi hicho kinatumaliza, si baharini tu, hata kwenye ndoa na biashara.

Mengine madogo: kisiwa hakina wakazi, beba maji ya kutosha. Ada ya hifadhi lipa. Ni eneo tengefu la bahari tangu 1975, kwa hiyo makombe yaache yalipo.

Mwezi uliopita nilirudi, usiku wa bamvua, kusudi kabisa. Hema nikaliweka chini ya mivinje. Saa kumi nikatoka na tochi, nikahesabu: maji yaliishia hatua sita kutoka mlangoni. Nikapiga picha, nikaitupa kwenye grupu. Kimya.

Yule dada kanitumia tarehe yake. Nimeiangalia: mwezi mpevu. Nimemwambia asogeze wiki moja mbele. Alama mbili za bluu nimeziona, jibu bado.